Nondo Mbili za Uani Ilford

Mjukuu wangu Baraka, mume mwenzangu,

Shikamoo yako imefika hapa Ilford, London, marahaba. Mama yako mzima, goti langu tu ndilo linalalamika. Umeuliza kwa nini mimi, fundi mwashi, niliacha nondo za uwanja wetu wa kurusha viatu vya farasi zimeinama.

Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Bibi yako alifundishwa mchezo huo na mgonjwa wake hospitalini, wa kurusha kiatu cha chuma kikaizunguke nondo iliyosimikwa ng'ambo, akataka tutengeneze uwanja uani. Nikamwaga mchanga kila upande, nikasimamisha nondo moja moja kwa pima maji, wima kabisa. Akasema, "Ziinamishe kidogo, zitazamane." Nikamjibu kazi yangu haipindi. Tukanuniana siku mbili, na kila kiatu nilichorusha kiligonga chuma kikaruka.

Siku ya tatu akainamisha nondo ya upande wake, kuelekea kwangu. Nikarusha. Kiatu kikainasa, kikalia mara moja, kikatulia mchangani. Mwili ulinisisimka, na hunisisimka hadi leo nikiusikia mlio ule. Nikaenda kuinamisha yangu.

Jana nilibadilisha mchanga. Nondo ya Bibi yako sikuigusa. Mwenyewe hayupo tena, nayo bado imeniinamia.

Babu yako