Televisheni Iliyokataa Kuwaka

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba. Huku Kasense tumemaliza kuvuna ulezi. Mama yako anakusalimu. Mimi nimechoka, lakini nipo.

Unauliza kwa nini ile pawasaplai ya chuoni, kile kifaa cha kulisha vyombo umeme, inawaka, inajizima, kisha inajaribu tena, na kama uiondolee tu ule ulinzi unaoizima.

Ujanani nilitengeneza televisheni mjini na kaka yangu Kalisti. Tuliletewa moja yenye tabia hiyohiyo, na mwenyewe alikuwa na wageni wa harusi nyumbani.

"Iwasheni tu, jamani!" alitusihi.

Kalisti alichoka kubishana. Akaunga waya kuruka sehemu inayoiarifu chipu, ile inayoamua kuwasha au kuzima, kwamba umeme umezidi. Televisheni ikawaka, tukacheka. Punde kitu kikapasuka ndani, moshi ukatoka, na Kalisti akaungua mkono. Baadaye tulikuta chanzo ni dayodi moja tu iliyokufa, kipande kidogo cha kupitisha umeme upande mmoja.

Nilipokuwa namfunga kitambaa, aliniambia, "Mdogo wangu, haikuwa korofi. Ilikuwa inakataa kuungua."

Vidole vyake viwili havikukunjuka tena. Hata hivyo aliendelea na ufundi, na kifaa kikijizima alikaa nacho kwanza, akikiuliza kwa sauti, "Umeona nini humo?"

Kaa nayo, mama. Usiilazimishe.

Babu yako