Boti Yangu ya Mkonze

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Nimefika Mkonze. Mgongo umekufa. Songwe mpaka Dodoma kiti cha nyuma, magoti yanagusa kidevu — si mchezo kwa mtu wa rika langu. Lakini nimefika kiheshima: suruali ya kaki imepigwa pasi, miwani ya jua, na kofia ya nahodha niliyonunua Mzuzu.

Pale Mtera basi zima liligeuza shingo kutazama bwawa. Nikawaambia hilo ni dimbwi tu. Ninakoishi mimi, Nkhata Bay, Malawi, ziwa ni kubwa mpaka ndege wanachoka katikati na kuomba lifti kwenye mitumbwi. Nikawaambia mimi ni fundi wa injini za boti, na boti yangu binafsi iko bwawa la Hombolo, dada yangu anaisimamia. Mama mmoja aliyepakata kuku akauliza, boti binafsi ndiyo ya kwendea wapi? Wakacheka wote. Sikukasirika. Mgogo na boti! Mimi ndiye wa kwanza, lazima washangae.

Sasa hili. Bodaboda inanishusha uani kwa dada Cecilia. Nainua macho — boti! Boti yangu, ile niliyochongesha Kyela nikaipakiza kwenye Fuso iende Hombolo, imekaa uani Mkonze, kati ya kichanja cha vyombo na zizi la mbuzi! Juu yake bati zinang'aa. Hapa maji yenyewe tunanunua kwa dumu.

Nikampa dada shikamoo huku jicho liko kwenye boti. Yeye akajibu Kigogo, Mbukwenyi, kisha vigelegele, nahodha kaja! Majirani wakajaa. Nikasema moyoni, labda wameirudisha huku kwa ajili ya kiangazi. Na kwa vile watu walikuwa wamesimama wananitazama kofia, nikatangaza: Jumapili ijayo siyo hii, Hombolo, naingiza boti majini, kwaya ya akina mama wote wapande kwa zamu. Dada akashika mdomo. Hata mimi? Nikamwambia wewe ndiye utakaa mbele kabisa, kama mke wa balozi.

Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimeikagua. Afadhali nisingeikagua.

Niliingia chini ya boti kwa mgongo, nikatazama juu. Nikaona bati. Kupitia mbao! Mwanga unapita kila kiungo, kidole changu cha shahada kinaingia mpaka kifundo. Mbao zimekauka, zimesinyaa, zimeachana kama watu waliogombana. Na zimekuwa nyeusi, zinanuka moshi.

Dada akaja na kigoda, akakaa, fahari tupu. Akanieleza kazi yake. Bati alizihamisha kutoka jikoni kwake, ili mvua isiiguse. (Jikoni kwake sasa ni nyasi, na masika yaliyopita alipika ameshika mwavuli!) Kila mwezi anaifukiza moshi, kama tunavyofukiza vibuyu vya maziwa, mchwa wasije. Watoto wakicheza karibu nayo na ndoo za maji, anawafukuza. Miaka saba.

Nikamuuliza polepole, dada, boti ilirudi lini kutoka Hombolo?

Akanishangaa. Irudi vipi, haijawahi kwenda.

Kwa nini?

— Si ulisema mwenyewe kwenye simu? Ulisema, dada, sikiliza, muhimu ni moja tu, boti isiingie maji.

Mungu wangu.

Ni kweli. Nilisema. Kule ziwani ndivyo tunavyosema, boti imeingia maji, kama simu iliyoingia maji. Nilitaka kusema maji yasiingie ndani yake. Yeye Kiswahili amekikuta ukubwani, sokoni na kanisani. Akasikia boti isiingie majini. Na kusema haki, ukiyapanga maneno vizuri, yeye ndiye aliyesikia sawasawa.

Na kila nilipopiga alinipa ripoti: boti yako nzima kabisa, haijaingia maji hata siku moja. Mimi nikafurahi! Nikawatangazia Watonga, wenyeji wa Nkhata Bay, kijiweni: boti yangu miaka saba haijavuja tone! Simu yake kitochi, hata picha sikuwahi kudai. Nilipenda kusikia tu.

Nikamuuliza, hukushangaa, boti isiyoingia majini?

Akasema, nilishangaa kidogo. Halafu nikasema, mdogo wangu anapenda kuwa wa kwanza. Anataka aiingize mwenyewe.

Sikumwambia ukweli. Nikasema umetunza, dada. Umetunza sana.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Katekista ametangaza safari ya Hombolo kwenye matangazo, kati ya ubatizo na mkutano wa jumuiya. Nimesimamishwa. Makofi.

Nje wakanizunguka, nikawapa ile stori yangu ya kiboko. Alivyoibuka chini ya boti usiku wa mawimbi — sikuwa nimesema mawimbi mara iliyopita — akanibeba mgongoni mpaka ng'ambo, mimi nimekamata masikio kama usukani. Mzee mmoja akauliza, ng'ambo ulimlipa nauli? Wakaangua kicheko.

Dada hakucheka, yeye anaamini. Alikuwa ananishika mkono wa shati muda wote, kama vile nitapeperuka.



Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwambia mtu mmoja tu, Aneth, binti yake dada, anafanya kazi ofisi za Bunge. Amekuja na skuta yake baada ya kazi. Nikampeleka nyuma ya zizi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, mjomba, leo hii ndiyo stori ya kwanza umenipa ambayo naamini. Halafu akasema mwambie mama ukweli, ni mtu mzima.

Nikasema nitamwambiaje? Kwamba zile bati za jikoni ndizo zilizoiua?

— Ulivyomwambia ya kiboko. Tena ile ilikuwa ngumu zaidi.

Watoto wa siku hizi.

Dawa naijua. Boti ya mbao ikikauka unaizamisha. Unaijaza mawe, inakaa chini ya maji siku kadhaa, mbao zinakunywa, zinavimba, zinashikana tena. Ndipo unaziba pamba na lami palipobaki. Kazi ya kawaida, hata Nkhata Bay tunafanya kila mwaka. Lakini kule mimi ni fundi tu, siyo nahodha! Hapa — nahodha anakuja na kofia, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuzamisha boti yake mwenyewe mchana kweupe?

Nimepata Fuso ya mtu wa zabibu. Jumatano asubuhi. Dada nimemwambia naipeleka mapema ikazoee hewa ya kule.

Ikazoee hewa! Akasema vizuri, hata mbuzi mgeni anafungwa pembeni kwanza.

Jumatano, 10 Septemba

Hombolo. Maji yamerudi nyuma sana, kiangazi. Kutoka Fuso inapoishia mpaka majini ni tope lililopasuka, halafu tope bichi. Tulikuwa wanaume wanane, boti mabegani. Ilikuwa nyepesi mno. Boti nzito ni boti nzima. Hii niliisikia begani kama jeneza la mtu aliyeugua muda mrefu.

Wavuvi wakasimamisha kazi. Wana mitumbwi yao midogo, inavuja, lakini inaelea. Nikasema nakagua tu. Nikaisukuma majini.

Haikuchukua muda wa kuvuta sigara. Maji yaliingia kwa kila upande, yanaimba kabisa — fuuu — ikakaa chini kama ng'ombe anayelala. Nilikuwa bado nimeshika kamba.

Halafu mvuvi mmoja, Athuman wanamwita, mtu wa Kondoa, akaita kutoka kwenye mtumbwi wake:

— Nahodha! Hiyo ni boti au ni chujio?

Hata mimi nilitaka kucheka. Wengine walishika matumbo. Mwingine akauliza kama nahitaji chai ya kuchuja. Nikavua kofia nikaiweka juu ya jiwe, nikaanza kubeba mawe. Baada ya muda Athuman mwenyewe akashuka akanisaidia. Alisema tu, kaka, hii ilikaa wapi?

Nikasema Mkonze.

Akarudia: Mkonze! Akaweka jiwe lake ndani, taratibu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nalala kwa Athuman. Leo nimezama nikapapasa. Upande wa kushoto mbao zimevimba vizuri, kiungo kimefunga, wembe haupiti. Nilipiga kelele chini ya maji, nikanywa funda — na maji ya hapa yana kichocho!

Kulia hapana. Pale moshi ulipokuwa unapiga, ubao wa tatu na wa nne zimepasuka kwa urefu. Siyo kiungo, ni ubao wenyewe. Huo haunywi maji ukapona. Boti inataka mbao mpya, na fundi wa mbao hizo yuko Kyela. Na mimi Jumanne narudi, bosi amesema nikichelewa injini anapewa mwingine.

Dada amepiga simu. Amefua kitenge. Ameuliza kama avae viatu au ndala, watu wa botini huvaa nini. Nikasema viatu.

Kwa nini nilisema viatu? Ningeweza kusema hapo hapo. Dada, usije. Maneno mawili.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Wako hapa wote. Sijui mambo haya yanaishaje.

Walikuja na Noah mbili baada ya ibada, wanaimba. Sufuria za wali, dumu la togwa. Dada mbele, kitenge kipya, viatu vyeusi vya kisigino. Wakatafuta boti kwa macho. Hakuna. Kuna ncha tu ya mbele inatoka majini kama pua ya mtu anayeoga.

Dada alipoiona alipiga yowe. Siyo la furaha. Akaingia majini na viatu vyake, na kitenge chake, akaanza kutoa mawe. Nani kaiingiza maji? Nani? Anayatupa, anahema, maji kiunoni. Nikamkimbilia nikamshika mikono. Ananitazama kama mtu aliyekuta mtoto wake amepigwa na mimi nimesimama pale.

Maneno yangu yakanijia yenyewe, kama kawaida. Nikawageukia watu wa ufukweni, nikasema kwa sauti: msiogope, Malawi boti hubatizwa kwanza! Tena ubatizo wa kuzamisha! Wakacheka. Katekista akasema kumbe boti yenyewe ni ya walokole. Wakacheka zaidi. Mtu akaanzisha wimbo, wengine wakafungua sufuria. Basi, kwao yamekwisha. Wamefurahi. Wakirudi mjini wataisimulia kuliko ningeisimulia mimi.

Aneth alinitazama, akageuka akaenda kugawa sahani.

Dada hakucheka. Ni mara ya kwanza namwona haniamini. Akasimama vile vile majini, akaupapasa ubao kwa chini. Muda mrefu. Halafu akasema polepole, jembe likilegea mpini tunalilaza majini usiku. Asubuhi limekaza.

Nikaitikia kwa kichwa.

— Kwa hiyo ilitaka maji. Miaka yote ilikuwa inataka maji.

Nikasema dada, mimi ndiye niliyesema vibaya.

— Na moshi?

Nilitaka kusema moshi haukudhuru. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na sababu zake, na mfano wa boti moja ya mfalme. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ufa. Vidole viwili vimeingia. Akavitoa, akavitazama, akavifuta kwenye kitenge.

Hakulia. Afadhali angelia, mtu anayelia unajua pa kumshika. Alitoka majini, akakaa, akavua viatu, akavigeuza maji yatoke. Akasema: Jumanne unaondoka. Hii itabaki na nani? Na mimi. Siwezi kuitupa, nimekaa nayo kuliko nilivyokaa na wewe. Niambie upya, ifanywe nini, iwekwe wapi, itolewe majini lini. Lakini niambie Kigogo. Kiswahili chako kina milango miwili, mimi naingia huu, wewe umesimama ule.

Nikafungua mdomo.

Mbao kwa Kigogo nasemaje? Kiungo? Kuvimba nalikumbuka, lakini ni lile la mguu. Niliondoka kijana, nimeota ndoto zangu zote kwa Kitonga. Nimesema sentensi moja, ikatoka ya kitoto, hata mwisho wake umepotea njiani. Dada akangoja. Nikatoa daftari mfukoni, nikasema ngoja nipange kwanza.

Sasa ananitazama mkono unavyokwenda. Anadhani haya ndiyo maelezo. Nyuma wanaita tuje kula. Amesogea karibu zaidi, begani, maji ya kitenge chake yananilowesha karatasi.

Anasema, acha kuandika. Sema.