Mawimbi Yaliyofika Narvandeh

Jumamosi, 4 Azar

Alfajiri ardhi imetikisika huko kwetu. Kipimo tano na nukta moja, kitovu kilomita sabini kutoka Narvandeh, kijijini kwetu. Baba kapiga simu kabla sijafika ofisini. Kijiji kizima kimetoka, watu wametandika mazulia chini ya milozi, na mwezi wa Azar ndio kwanza unaanza, barafu imeshaganda kwenye majani. Akaniuliza — kwa sauti ya mwalimu mstaafu asiyependa kuuliza — likija tetemeko kubwa zaidi itakuwaje? Waendelee kulala nje, au warudi ndani?

Ofisini kwetu Tehran, tunakopima matetemeko, tuna kanuni moja: hatumwambii mtu alale wapi. Tunatoa namba tu. Lakini huyu ni Baba, miaka sabini na minne, kifua kibovu. Nikamwambia mawimbi huchoka njiani. Ardhi ya kwetu imevunjika-vunjika. Gonga chungu chenye ufa uone kama sauti inafika mbali. Kwa kilomita sabini, hata kubwa litafika limefifia. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikichora mstari huohuo unaoonyesha mtikisiko ukififia kadiri ya umbali. Rudini ndani, Baba.

Iraj wa meza ya pili alisikia yote. Akasema siku hizi natoa fatwa bila kilemba. Nilicheka, lakini moyo haukutulia.

Jumapili, 5 Azar

Baba kalala ndani. Kikohozi kimepungua. Sauti yake ilikuwa na majivuno fulani — sikuuliza ya nini.

Jumatatu, 6 Azar

Limekuja. Saa kumi na moja na robo alfajiri. Sita na nukta nne, kitovu kilekile. Baba hapokei simu.

Saa mbili Iraj kaleta rekodi ya kituo cha mlimani, kilomita nne tu kutoka kijijini. Mtikisiko mdogo. Umeangukia juu ya mstari wangu kabisa. Nikashusha pumzi. Nilifurahi — niandike tu, hakuna atakayesoma — nilifurahi kwa sababu nilikuwa sahihi. Dakika kumi hivi.

Kisha redio. Narvandeh, mtaa wa chini, nyumba zimelala chini.

Kituo kiko juu ya mwamba. Vyote tunaviweka juu ya mwamba, mbali na trekta na mbuzi na watoto, ili mashine isikie ardhi peke yake. Mstari wangu wote umetoka kwenye mwamba. Nani anaishi juu ya mwamba? Watu hujenga palipo na udongo na maji, mlozi unapoota. Narvandeh imekaa juu ya tope la mto wa kale. Mawimbi yalifika yamechoka kweli, kama nilivyosema. Yakaingia kwenye tope, yakapunguza mwendo, yakanenepa. Hili nalijua. Nalifundisha! Baba aliniuliza habari ya kulala, mimi nikamjibu habari ya umbali.

Jumanne, 7 Azar

Yu hai. Lilipopiga alikuwa bombani uani akitawadha. Ukuta umeangukia pale alipokuwa amelala nusu saa kabla. Nilipofika kijijini nimemkuta amekaa juu ya ndoo, kavaa kiatu kimoja. Kanikaribisha kama mgeni, akaomba radhi kwamba hakuna chai.

Wamezikwa tisa. Nastaran, binti wa Effat, mama jirani yetu, yumo. Miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee.

Nimefunga mashine yangu ya kupimia mitetemeko kwenye uwanja wa shule ili mikono ipate kazi. Niliporudi, Baba akanieleza. Jumamosi ile, simu ilipokatika, alichukua fimbo akapita nyumba kwa nyumba. Akawaambia: binti yangu wa Tehran kapiga hesabu. Kunjeni mazulia, mtaua watoto kwa baridi. Effat alikataa. Baba akamrudia mara ya pili, mpaka akakubali.

Ndiyo majivuno yale niliyoyasikia kwenye simu. Alikuwa akijivunia mimi.

Jumatano, 8 Azar

Matanga ya siku ya tatu, makaburini. Mzee mmoja akauliza mbele ya wote: Mwalimu, hasa nani alisema turudi? Baba akasimama.

"Hakuna. Nilitunga mwenyewe. Baridi ilinishinda, nikaona haya kurudi ndani peke yangu."

Sahani ya tende ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Ilipofika kwake ikarukwa. Nusu ya wanaume wale aliwashika mkono utotoni, akiwafundisha kuandika majina yao. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, hatua kumi tu, tende mdomoni. Niliimeza.

Hemani nikamwambia Baba nitasema ukweli. Akanijibu taratibu, kama anaeleza hesabu ubaoni. "Mimi nimebakiza miaka mingapi? Ninyi wa vipimo kesho mtawaambia watu watoke. Wakijua ninyi ndio mliokosea, hawatawasikia tena. Watalala ndani. Acha wanichukie mimi."

Nikasema, "Wamekufa kwa kuniamini, Baba."

"Najua. Wasipokuamini watakufa wengi zaidi."

 Nilifarijika, na kwa kufarijika huko najichukia.

Alhamisi, 9 Azar

Iraj kapiga asubuhi. Mashine ya shuleni imerekodi mitetemeko midogo kumi na minne. Udongo wa hapa unatikisika mara tano zaidi ya mwamba wa mlimani. Mara tano. Akasema namba ni safi sana, hakuna aliyewahi kupima hapa.  Akauliza kama nimekula.

Nilikuwa nimeanza kuandika haya Effat alipokuja. Hakusalimia.

"Mwalimu alikuja kwangu mara mbili, mdogo wangu. Mara zote mbili alikutaja kwa jina. Jana kasema alitunga. Mimi kanifundisha kusoma yule, sijawahi kumsikia akisema uongo. Sasa kadanganya siku ipi?"

Nikainua daftari hili, nikasema namalizia vipimo.

Akasema sawa, andika, nitangoja.

Amekaa mlangoni mwa hema, hajavua viatu, mikono mapajani. Hana haraka, hana tena wa kumpikia. Nyuma yangu Baba anakunja blanketi. Amelikunja, amelikunjua, analikunja tena. Amekohoa mara moja, kile kikohozi cha kunionya nisiseme. Effat kakisikia pia. Ninaandika polepole, neno kwa neno, na yeye kasogea ndani kidogo, karibu nami, ili asizibe mwanga wa mlangoni. Akiinama tu ataona hakuna namba hata moja niliyoiandika tangu aingie. Baba kaacha kukunja.