Mkwe Kaniwekea Waya wa Deki

Bi Tunu, mshauri wetu tunayekusoma kila Jumamosi, nisikilize kwanza kabla hujanihukumu, maana jambo langu ni la mkwe, na mkwe si mtu wa kusemwa ovyo, lakini moyo umenijaa hadi silali.

Mimi niko hapa Pangani, Kibaha, ni Msukuma, niliishia darasa la saba lakini tumbo langu limetoa vichwa, wa kwanza ni Maige, yuko Dodoma anatengeneza kompyuta za maofisini, wa pili ni Asteria, mwalimu, ameolewa Kibuta kule Kisarawe. Maige ndiye aliyenijazia sebule, TV pana na sabufa ya kishindo, vyote nimevipanga kwenye kabati moja lililobana ukutani, halafu akanitumia kwa basi boksi la waya akasema, "Mama, huu ni koaksia, waya wa dijitali, ndio unaotoa sauti kwenye TV na kuipeleka kwenye sabufa, usikubali kubadilishiwa." Bi Tunu, ungeuona huo waya! Mnene kama mkia wa ndama, umevikwa sweta jeusi, vichwa vya dhahabu, mita tano nzima, mtaa mzima walipita kuushika kabla haujafungwa.

Akaja kuufunga mkwe wangu Abednego, mume wa Asteria, ni mkulima wa mihogo lakini mikono yake inajua umeme. Sasa kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaketi sebule moja wakatazamana, kwa hiyo yeye akifunga mimi nilikuwa jikoni, maneno yote yakipitia kwa Asteria, mwambie mumeo chai tayari, mwambie mama asante, hivyo hivyo, mpaka sabufa ikaunguruma sufuria zikacheza, jirani yangu Fadhila akaja mbio kuuliza leo harusi ya nani, na mimi nikajiona mama wa maana. Wakati wa kuondoka Abednego akasema, "Mwambie mama huu niliouweka unatosha, na boksi lake lipo pale kwenye kiti."

Wameondoka tu, Fadhila kachungulia nyuma ya kabati akapasuka kicheko. "Shoga, ndiyo koaksia ya Dodoma hii? Huu si waya wa deki! Vichwa vya njano! Mimi ninao wa hivi, naanikia nguo!"

Nikachungulia na mimi. Kweli, kiwaya chembamba, kichwa cha njano huku, kichwa cha njano kule. Unatosha! Unatosha kwa nani, Bi Tunu? Kwa mama asiyesoma? Na boksi tupu ananiachia kama kunidhihaki, nikalipandisha juu ya kabati la vyombo na hadi leo limekaa pale linanicheka, juzi paka kalidondosha likaanguka puu, nikaruka nikidhani mwizi, nikalirudisha palepale. Tangu siku ile besi naisikia imekuwa nyembamba, haina nyama. Nikaenda Maili Moja kwa muuza redio, akaniambia, "Mama, umepigwa, besi yote iko kwenye dhahabu," akataka kuniuzia mwingine mnene zaidi.

Basi nikafunga safari Kibuta, nikasema nakwenda kumwona mjukuu, na mjukuu nilimwona, mzuri kama mimi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye TV yao. Abednego alikuwa shambani. Nikainama nyuma ya TV, nikauona! Mweusi, mnene, kichwa kinang'aa kimekazwa kama nati, umepanda ukutani ukatokea dirishani. Asteria akanikuta nimepiga magoti.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sindano yangu."

"Nyuma ya TV?"

Nikainuka, nikajipangusa magoti. Asteria akanisindikiza hadi kituoni, leo siku ya tisa hajanipigia. Maige naye kila akipiga anauliza, "Waya wangu unasemaje, mama?" namjibu unaimba baba, namdanganya mwanangu niliyemzaa mwenyewe.

Mwisho wa mwezi huu mjukuu anabatizwa, sherehe ni kwangu, wakwe wote wa Kibuta watakuja. Nataka nisimame mbele yao na mshenga akiwepo niseme, Abednego, rudisha waya wa Maige. Je, niseme? Na waya bora nautambuaje nisibambikiwe tena? Jina langu usilifiche, mimi sina haya.

Mama mwenye sabufa, Pangani, Kibaha

BI TUNU ANAJIBU

Mama, jina lako nimelificha, na ya wanao nimeyabadilisha. Siku si nyingi utanishukuru.

Pole kwanza. Zawadi ya mtoto si waya tu, naelewa, mtu akiigusa kakugusa moyo. Lakini mama yangu, umefungua mashtaka, ukaita mashahidi, na hakimu ni Fadhila anayeanikia nguo kwenye waya!

Kichwa cha njano si tusi. Waya huo wa deki ya video ulitengenezwa kubeba picha, na mara nyingi ndani umejengwa kwa kipimo kilekile kinachohitajiwa na koaksia ya sauti, omu 75. TV na sabufa zako ziko kabati moja, waya wa hatua moja unatosha. Mita tano za mkia wa ndama ungezikunja wapi, na kabati umelibana ukutani? Mkwe wako alipima, Maige hakupima. Msomi naye hukosea, usikasirike.

Na sauti ya dijitali husafiri kama hesabu. Ikifika, imefika. Ikishindwa njiani utaisikia ikikatika au ikinyamaza kabisa, haipungui besi kama chai iliyoongezwa maji. Ndiyo maana siku ya kwanza sufuria zilicheza, na waya ulikuwa huohuo wa njano. Besi yako ilikonda ulipochungulia nyuma ya kabati.

Siku ukinunua kweli, tafuta namba 75 kwenye ganda la waya au kwenye boksi, kichwa kishike tundu bila kulegea, na urefu usizidi sana ule unaouhitaji. Usiukunje kwa nguvu wala kuulaza chini ya mguu wa kabati. Huyo wa Maili Moja mwambie dhahabu huzuia kutu, haipigi ngoma.

Sasa Kibuta. Waya uliokazwa kama nati na kutokea dirishani hauendi kwenye sabufa, mama, labda kuku wa nje wawe nayo. Ule ni wa antena. Umeipigia magoti antena ya watu, na binti yako ameona mama yake anamsaka mumewe kama mwizi. Hicho ndicho kilichoharibika, si waya.

Tubaki na boksi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umelipandisha, umelilaani, umelirudisha. Sijaona mahali ulipoandika "nikalifungua." Umejuaje ni tupu? Boksi tupu likiangushwa na paka halilii puu.

Lifungue leo, ukiwa peke yako, ili waya ukiwamo aibu iwe kati yako na kabati la vyombo. Kisha mpigie Asteria kabla hajapiga yeye, umwambie habari ya sindano ilivyokuwa, yote. Yeye ataifikisha kwa mumewe, njia yenu ya heshima ndiyo hiyo, na iliyobeba chai itabeba na samahani. Maige mwambie ukweli, waya wake unatunzwa.

Na waya usipokuwamo? Hata hivyo siku ya ubatizo hutasimama. Utamuuliza Asteria kwa upole, "Muulize mwenzio ule mnene aliuweka wapi," na utangoja jibu kama mtu mzima.

Ubatizo ukifika, kuku wa Abednego apikwe mzima, na firigisi yake, ndiyo heshima ya mkwe. Wewe kaa jikoni kwako, mwambie Asteria amwombe mumewe awashe sabufa. Halafu sikiliza vizuri kama besi haijarudi.