Ukuta Mbichi Kando ya Ziwa

Jumatano, 12 Juni

Tumefika salama, Mungu asifiwe. Miguu imevimba. Wifi kalala njia nzima mdomo wazi, kushuka tu anaapa hajasinzia!

Yeye ndiye aliyenivuta huku. Mama mkwe anataka mume wangu asomewe ibada ya marehemu. Bila mwili, bila kaburi. Aliaga anakwenda kutafuta kazi, hakurudi, miaka imekwenda. Wananingoja mimi tu niseme ndiyo. Wifi kaona nipumzike kwanza. Ni kaka yake, lakini hata yeye kachoka kungoja.

Dirisha letu linatazama ziwa. Nimelitazama. Maji tu.

Alhamisi, 13 Juni

Tumezungushwa mji mkongwe. Ngome, ngazi za mawe, mnara wa saa. Mtembeza wageni akasema saa ile imesimama tangu enzi za babu wa babu yake. Wifi akadakia: kumbe kuchelewa mmerithi! Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno.

Ukungu ukaondoka, milima ikatokea yote. Wifi ananiuliza, si mizuri? Nikasema mizuri. Ningeonyeshwa ndoo ningesema nzuri.

Nimesali. Maneno yalitoka, mimi sikuwamo.

Ijumaa, 14 Juni

Ee Mungu wangu.

Nyuma ya ngome kuna nyumba ya zamani inapakwa chokaa upya. Mafundi walikuwa wameshaondoka. Nikapita, nikarudi. Kona ya mlango!

Mume wangu ni fundi chokaa. Wenzake humalizia kona kwa mwiko. Yeye huuona mwiko mnene, hutumia mgongo wa kijiko kwa mkono wa kushoto, na ukutani hubaki vibonyeo kama magamba ya samaki. Walikuwa wakimtania: fundi anaulisha ukuta uji! Alipoondoka, vijiko vyangu vya harusi vilipungua kimoja. Nikadhani nimekitupa na maganda.

Nikagusa magamba yale. Kidole kikazama. Bado mbichi.

Sikulia. Sikufurahi. Nilisimama tu kama mzigo uliosahauliwa kituoni.

Wifi akaja juu: we mwanamke, utashtakiwa, unatafuta nini ukutani? Nikamwambia naangalia kazi ya zamani.

— Ya zamani wapi, wifi, na haijakauka!

Mpaka sasa sijamwambia. Chokaa imo ndani ya ukucha. Nimeoga, sijaitoa.

Jumamosi, 15 Juni

Gari letu linaondoka mchana. Nimemwambia wifi nakwenda kusali. Si uongo sana — nimesali njia nzima.

Msimamizi wa mafundi nimemkuta kivulini, pale pale kwenye nyumba ya chokaa, anakula. Nikamuuliza kona za mlango kafanya nani. Akasema yule wa mkono wa kushoto, kashuka ziwani kuchota maji, keti mama, hakawii. Kwani kakukosea nini?

Nikasema alianza kazi kwangu, hakuimaliza.

Akacheka mpaka akapaliwa. — Ndiye huyo huyo! Mkono wa dhahabu, lakini kumaliza, mama, kumaliza ndiyo shida!

Nimekaa juu ya mfuko wa chokaa, naandikia gotini. Pembeni ipo ndoo yake. Ndani mna kijiko. Mpini una ua, kama vyangu vyote. Nimekiosha kwa maji yangu ya kunywa, nikakifuta kwa sketi. Sijui kwa nini. Mazoea.

Wifi kapiga simu. Gari limekuja, na mama mkwe anataka jibu leo, watu waalikwe au wasialikwe? Nikamwambia ngoja. Akafoka: tungoje mpaka lini?

Mtu anapanda ngazi za mawe. Ndoo zinagongana. Anakohoa — kikohozi kile kile, cha chokaa. Sauti ni ya mtu mzima wa afya.

Simu inalia tena. Kuna njia nyingine ya kushukia, nyuma ya nyumba, nimeiona jana. Kijiko kimo mkononi. Sijui nikirudishe ndooni, au nikitie mkobani. Ni changu —