Barreti mbili za memori na uongo wangu wa siku tatu

Jumanne, saa kumi jioni. Mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka mlangoni, hapa mtaani Kilibula, Uvira, na ziwa limegeuka kahawia. Nimechoka, lakini sina huzuni. Niko na hasira nzuri, ile inayomfanya mtu amalize kazi.

Niseme ukweli hapa, maana watu nimewadanganya tangu Jumamosi.

Kazi yangu ni montaji, kukata na kuunganisha video za arusi. Zawadi, binti wa jirani yangu, aliolewa Bujumbura wiki mbili zilizopita. Mama yake hakuweza kwenda kwa sababu ya nyonga, na Alhamisi anapelekwa Bukavu kupasuliwa. Aliniambia, "Mbele wanilaze mu ile meza ya kupasulia, minye nataka nimuone mutoto wangu mu kanisa." Nikamwapia kwamba atamwona.

Sasa, umeme wetu unakuja saa chache kwa siku, na kompyuta yangu haiwezi kutoa filamu nzima kabla haujakatwa. Nikanunua barreti ya pili ya memori, kile kibao chembamba cha RAM, nikaichomeka kando ya ile ya zamani. Mpya imetengenezwa kukimbia kasi ya 3200, ya zamani 2666. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya kompyuta, nikazilazimisha zote mbili zikimbie 3200. Nani alinituma? Kichwa changu mwenyewe.

Ikawaka vizuri, nikajisifu. Dakika ishirini baadaye, skrini ya buluu, kompyuta ikafa. Nikawasha, ikafa tena.

Mama Zawadi alipouliza, nikausingizia umeme: "Ni courant, Mama." Hapa Uvira hakuna anayebishana na jibu hilo. Jumapili nikalirudia, jana nikalirudia. Kibaya zaidi, nikaanza kuliamini mwenyewe, hata nikaazima kifaa cha kutuliza umeme. Ndipo jana kipande kimoja kikatoka kikiwa na vidoa vya kijani usoni mwa bibi arusi. Umeme unakatika tu, haupaki mtu rangi mashavuni.

Nilijua. Tangu Jumamosi nilijua ni kasi ile niliyoilazimisha.

Leo umeme uliporudi sikugusa filamu hata kidogo. Nilichomoa barreti zote, nikaanza na moja moja kwenye programu ya kupima memori. Mpya peke yake, 3200: safi. Ya zamani peke yake, 3200: makosa mekundu skrini nzima. Nikaishusha 2666, ikatulia. Nikazirudisha zote mbili, nikajaribu 2933, maana ubishi ninao. Makosa. Nikaongeza volti kidogo. Makosa tena! Basi, nikaziacha zote 2666, na kipimo kikapita mara mbili bila kosa hata moja.

Halafu nikapima ile kasi ya 3200 ilikuwa inaniokolea nini. Dakika chache tu. Wee! Nilichokuwa ninahitaji ni nafasi ya memori, na nafasi ile nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Nikaikata filamu vipande vinane. Umeme ukikatwa, ninapoteza kipande kimoja tu. Mpaka umeme unakatwa saa nane, viwili vilikuwa vimetoka, uso wa Zawadi safi kabisa. Nikaviweka kwenye simu, nikaenda kwa mama yake, nikaungama kabla sijakaa.

"Weye nawe!" akasema. "Minye natukana watu ya courant asubuhi na mangaribi, kumbe ni weye?" Akacheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na kicheko kile kikaniumiza zaidi.

Tukatazama. Zawadi anaingia kanisani, baba yake amemshika mkono wa kuume. Mama Zawadi akaweka kidole kwenye kioo cha simu, upande wa kushoto wa binti yake, pale ambapo hapana mtu.

"Minye ningekuwa hapa," akasema.

Siku zote hizi nimeitazama picha ile nikitafuta vidoa, na pengo lile sikuliona.

Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniomba tena. Mara ya nne hakuniomba, alijifunza mwenyewe kuburuta kidole, nami nikamwachia simu aendelee kutembea na binti yake.

Vimebaki vipande sita. Kesho, umeme ukirudi tu, nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu. Na ukichelewa, nitamwambia umechelewa, na safari hii itakuwa kweli.