Kiti cha Mbele

Kaka Eliseo,

Tumefika kwa shangazi, mama yako, salama. Gari letu la kulala tumeliegesha uani, na kuku wameshahamia chini yake. Shangazi kanilisha tamale, yale maandazi ya mahindi yenye nyama, mpaka nimeomba poo.

Nilimweleza mpango wako, kwamba tumfiche uvunguni mwa kitanda cha gari tupite naye kizuizi cha uhamiaji, aje arusini. Akacheka. "Karatasi sina, lakini arusini kwa mwanangu siendi nimelazwa uvunguni kama magendo!"

Jana alivaa gauni aliloshona kwa ajili ya arusi yako, akakaa mbele, akafunga mkanda. "Haya mkwe, washa gari," alimwambia mume wangu. Kizuizi kilipoonekana kwa mbali akasema, "Basi, geuza."

Nyumbani alilivua gauni, akalikunja, akanikabidhi. Naja nalo. Kanisani liwekee kiti cha mbele.

Dada yako,
Nelda